Mwezi Kwenye Kioo cha Simu

Simu yangu ya kwanza ya kupangusa nilikabidhiwa Mombo, kando ya basi, abiria wakigombea mahindi ya kuchoma. Mwanangu, huyo mmoja niliyebakiziwa na Mungu, alikuwa anatoka Dar es Salaam kwenda Arusha kikazi. Alinipigia kwenye kitochi changu cha zamani: "Mama, njoo Mombo, nina kitu chako. Basi letu Korogwe halisimami." Nikapanda gari kutoka Korogwe na kichana cha ndizi mbivu za Bungu mapajani, maana anazipenda tangu mdogo. Tukakaa pamoja kwa muda wa mtu kumaliza sahani ya chipsi. Akaitoa laini yangu kwenye kitochi, akaichomeka kwenye simu mpya, akasema, "Namba ni ileile mama, haijabadilika. Unapangusa tu, usiogope." Nilikuwa nataka kumuuliza vile vialama vidogo vya juu ya kioo ni vya kazi gani, honi ikalia. Ndizi aliziacha. Alisema zitamsumbua kwenye basi.

Nikarudi nazo Korogwe, nikampa nusu jirani yangu. Mimi ni Mzigua wa Handeni, hapa nimeletwa na ndoa. Marehemu mume wangu alizaliwa kwenye nyumba hizihizi za kambi ya mkonge, baba yake alikuja kukata mkonge akabaki. Jirani naye ni mjukuu wa mkata mkonge, ni Mkristo, na ukuta wetu ni mmoja. Akikohoa namsikia, nami nikimsema mtu yeye anaitikia kutoka kwake bila kuulizwa. Tunanuniana, tunapatana, tunanuniana tena.

Basi, ule mwaka Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza ya kufunga nilikuwa napika uji wa futari, unga ukamwagikia simu. Nikaichukua nikaifuta kwa upindo wa khanga, nikaipangusa juu, nikaipangusa chini, mpaka ikang'aa. Nilipoiangalia, Allah! Pale juu, karibu na saa, kumetokea mwezi. Mwezi mwandamo kabisa, mwembamba, umepinda vizuri.

Nikatoka nao mbio mpaka kwa jirani. "Njoo uone adabu," nikamwambia. "Kampuni imetuwekea mwezi sisi tunaofunga."

Akatoa simu yake, akaitazama. "Mbona mimi sina?"

"Wewe unafunga?"

"Sifungi."

"Sasa unataka mwezi wa nini? Laini nilisajili kwa jina langu, na jina langu linajulikana ni la Kiislamu. Hawa wanajua kila kitu."

Akaona kweli. Nikarudi kwangu kifua mbele. Jamani, siwezi kusema uongo, ule mwezi ulinifariji. Nilikuwa nafuturu peke yangu, sahani moja, kikombe kimoja, nikawa naiweka simu mkekani mbele yangu kama mwenzangu. Nikimaliza kuomba dua naibonyeza, kioo kinawaka, mwezi upo.

Lakini mwanangu hakupiga.

Kila mwaka, futari ya kwanza ikiisha tu, alikuwa ananipigia. "Shikamoo mama, Ramadhani karimu." Ni maneno machache, lakini ndiyo yalikuwa yananifungulia mwezi. Safari hii kimya. Nikasema mtandao. Nikasema kazi. Nikasema labda Arusha kuna baridi, watu wanalala mapema. Jirani akaniuliza, "Kwa nini usimpigie wewe?" Nikamjia juu. Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye wa kuamkiwa. Tangu lini mama akatangulia kumtafuta mtoto kwa salamu? Kwetu Handeni mtoto akipita bila kuamkia anaitwa arudi, na anarudi akiwa ameinamisha kichwa. Sikumlea mwanangu ili nije kumwomba shikamoo. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, halafu nikaingia ndani nikalia. Nilikuwa mpweke, basi. Sijui neno jingine la kuliita.

Ramadhani ikaisha. Mwezi wa mbinguni ukaonekana, watu wakapiga vigelegele, asubuhi tukaswali Idd. Narudi nyumbani naangalia simu, mwezi wake bado upo. Nikasema hawa wamechelewa, wataondoa. Nikapika pilau, jirani akaja kula kama kawaida yake ya kila Idd, na safari hii akaja na mkwe wake, mke wa mwanawe, muuguzi kule Handeni. Binti mchangamfu. Akanipigia magoti kidogo akaniamkia, nikamwekea finyango kubwa.

Jirani hana siri. Hajanawa hata mikono akasema, "Hebu mwonyeshe mkwe wangu mwezi wenu. Idd imefika, mbona hauondoki?"

Yule binti akaitazama simu yangu, akafumba mdomo kwa kiganja. Akacheka mpaka machozi, kisha akaona sura yangu akajirudi. "Samahani mama. Huu si wa Ramadhani. Ukiona huu mwezi, simu imenyamazishwa. Mtu akikupigia haiiti. Huenda uliuwasha mwenyewe wakati unapangusa."

"Haiiti kabisa?"

"Haiiti kabisa."

Akanifundisha vyote palepale. Vijiti vile vinavyopanda ni mtandao, vikijaa maana yake upo vizuri. Kile kichupa ni chaji. Na mshale uliopinda, ambao mimi nilidhani ni matangazo yao tu, maana yake kuna mtu alikupigia hukupokea.

Mshale ulikuwepo. Siku nyingi tu ulikuwepo.

Loo! Furaha niliyoisikia sina pa kuiweka. Kumbe mwanangu alikuwa ananipigia! Maskini ya Mungu, mwezi mzima mtoto anahangaika, anasema mama yangu kapatwa na nini, nami nimekaa hapa namlaumu! Nikampiga jirani begani. "Si nilikwambia? Mwanangu hawezi!" Jirani akacheka, mkwe akacheka. Nikasema, "Fungua, fungua haraka nione kapiga mara ngapi."

Binti akafungua. Akapandisha kwa kidole, akashusha. Akapandisha tena. Nikaona kicheko kinamtoka usoni.

"Huyu ni nani?" akauliza, akimtazama mama mkwe wake.

"Ni mimi," akasema jirani. "Siku ile maji yalipotoka, nilitaka kumwambia akinge."

Wengine walikuwa wale wa kampuni wanaopiga kukuuzia nyimbo. Jina la mwanangu halikuwepo. Binti akauzima ule mwezi, akanirudishia simu bila kunitazama. Kioo kilikuwa safi. Vijiti vimejaa, chaji imejaa, simu haina ugonjwa wowote.

Hapo nilitamani nisingefundishwa. Nilikuwa na mtandao wa kulaumu, nilikuwa na baridi ya Arusha, na kwa dakika chache nilikuwa na mwezi. Sasa sikuwa na kitu. Pilau ikapoa, nikawa nasikia watoto wa watu nje wanaombana pipi, nikasema potelea mbali, adabu ya Handeni nitaifuata kesho. Nikaingia chumbani, nikabonyeza jina lake.

Ikaita. Ikaita tena. Akapokea, nyuma yake muziki na kelele za watu, sikukuu imepamba moto.

"Haloo," nikasema.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Nilingoja. Nilidhani atatazama kioo, aone jina langu. Nilidhani sauti yangu itamfika hata kama jina alilifuta. Namba ni ileile, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Mimi na ukali wangu wote, ambao jirani anaujua na ukuta unaujua, nilitafuta neno la kumgombeza nikalikosa. Nikasema, "Samahani baba, nimekosea namba."

"Hakuna shida, mama," akasema, kwa upole kabisa, akanisikia ni mtu mzima. "Shikamoo."

"Marahaba."

Akakata. Nikakaa kitandani kidogo, nikajifuta uso kwa khanga, nikatoka. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, hajala.

"Umempata? Amesemaje?"

"Ameniamkia," nikamwambia.