Maji ya Utupa

Mama alipanda utupa nyuma ya jiko, mbali na mbuzi. Alitwanga majani yake, akayaloweka, na maji yake yaliponya upele wa watoto wa kijiji kizima. Mtoto akishaoga, mama alimwaga yaliyobaki shimoni na kufukia. Majani hayohayo wanaume waliyatia kwenye vidimbwi vya mto wakati wa kiangazi, samaki wakaelea matumbo juu.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara binafsi, maduka ya dawa yakachipuka Mbinga mjini, lakini zahanati yetu ya ufukweni mwa ziwa ilibaki na makabati matupu. Mjomba, mdogo wake mama, alishuka kutoka milimani alikokuwa akinunua kahawa. Alikuwa amekonda, tumbo likimsokota. Alisema ni minyoo. Vidonge vya dukani alikuwa amemeza, havikumfaa.

Asubuhi alimkuta mama akimwogesha mtoto wa jirani.

"Dada, kama dawa hii inaua wadudu wa ngozi, wa tumboni itawaacha?"

"Hii si ya kunywa. Umewaona samaki wanavyokufa."

"Kwani mimi ni samaki?"

Alicheka. Mama hakucheka.

Tuliporudi kutoka kupalilia mihogo, mjomba alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, kikombe kikiwa kando yake, ndani kumebaki maji ya kijani ya majani aliyoyatwanga mwenyewe. Alikuwa ametapika.

"Midomo yangu siisikii," aliniambia, akiigusa kwa vidole kama ya mtu mwingine.

Mama alimnywesha uji, akautapika. Kisha pumzi zake zikaanza kuchelewa. Tulimlaza kwenye mtumbwi kumpeleka hospitali ya misheni, mimi na baba tukipiga kasia. Ziwa lilikuwa shwari mno. Mama alimwekea mkono kifuani, akimwambia, "Vuta. Vuta tena." Naye akavuta, kila mara akikawia zaidi, hata nikajikuta nami nimebana pumzi nikimsubiri.

Tulikuwa tumeshauona mnara wa kanisa mama aliposema tena, "Vuta." Mjomba hakuvuta.

Baba aliacha kupiga kasia.

"Endelea," mama alisema. "Endelea tu, watamwamsha."

Tukaendelea. Mganga wa hospitali aliingia majini mpaka magotini, akamfunua mjomba jicho, akamshika shingoni. Halafu akamuuliza mama kwa upole, "Alikunywa nini?"

Mama bado alikuwa ameweka mkono kifuani mwa mjomba. Nilimjibu mimi.