Mbuzi wa Kaka Yangu

Kwetu milimani Masisi, msichana akiolewa, mbuzi walioletwa na ukoo wa mume hawakuliwa. Waliwekwa kwa ajili ya kaka yake, ili naye apate kuoa. Dada yetu alipoolewa, mbuzi wake walikuwa wa kaka yangu mkubwa, na kila aliyekutana naye njiani alimtania: "Bwana arusi, njo lini tutakunywa kasiksi?" Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na 'njo' ni 'ndiyo' ya kwetu.

Hawakuinywa. Mwaka ule nilikubaliwa kwenye shule ya sekondari ya mapadri, na baba hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Mbuzi walishuka sokoni Kitshanga mmoja baada ya mwingine. Wakawa minervali, yaani karo ya shule, wakawa blanketi, viatu, kamusi ya Kifaransa. Kaka mwenyewe ndiye aliyewafunga kamba. Uso wake ulikuwaje siku hizo, siwezi kusema, kwa sababu sikuutazama.

Nilimaliza sekondari miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Nilitaka kwenda chuo kikuu Leopoldville, mji mkuu. Baba akanionyesha zizi kwa mkono. Lilikuwa na majivu na kuku wawili. Basi nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikafundisha watoto kuhesabu kwa vijiti, na moyoni nikajiona nimeibiwa. Mimi, si kaka.

Kaka alianza upya. Alivuna pareto kwenye shamba la mzungu, akanunua mbuzi majike, akawagawa kwa majirani wamfugie na kugawana naye watoto wanaozaliwa, kama ilivyo desturi. Polepole wakaongezeka. Akapata mchumba ng'ambo ya mto, msichana mrefu mwenye kucheka kwa sauti. Baba yake msichana alikubali kungoja mpaka mwisho wa mavuno ya maharage. Baada ya hapo, alisema, kuna wengine wanaouliza.

Ni katika msimu huohuo ndipo lilipozuka jambo la mtoto wa mjane. Mama huyo alikuwa jirani yetu. Mwanawe wa pekee alimaliza sekondari nyuma yangu na kukubaliwa chuo kikuu. Serikali ilimwahidi bourse, yaani fedha za masomo, lakini bourse za miaka ile zilichelewa, na aliyekosa nauli na chakula cha miezi ya kwanza alipoteza nafasi. Tena hakuwa na dada wa kuozwa. Baadhi ya wazee wakapendekeza ushuru wa soko umlipie, yeye na kila mtoto wa milima yetu atakayekubaliwa baada yake. Mwami, chifu wetu, akaita watu wote Jumapili, baada ya misa, mbele ya ofisi yake.

Watu walisema mengi, maana daraja la mto lilikuwa limeanguka na ushuru huohuo ulitakiwa kulijenga. Mfanyabiashara mmoja wa maharage alisimama akiwa ameshika kofia.

"Franga ya soko iko ya daraja! Gari yangu inalala ku mutoni wiki nzima, na ninyi munataka kutuma mutoto kwa ndege?"

"Papa, gari yako ilikuwa inalala hata daraja haijaanguka bado," mama mmoja akamjibu. Watu wakacheka.

"Mucheke tu," akasema mfanyabiashara. "Ule mutoto ataoa mwanamuke wa Leopoldville, ninyi mutapata foto!"

Kisha Mwami akasema: "Tusikie mwalimu. Yeye njo alisoma."

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa koti. Nilisema kwamba mali ya wote haiwezi kulipia cheo cha mtu mmoja. Nilisema anayelima hadi magoti kuuma asitozwe ushuru ili mwenzake akae ofisini. Halafu nikamnyooshea kaka mkono mbele ya watu wote.

"Huyu alitoa mbuzi zake kwa ajili yangu. Mpaka leo hajaoa. Nani alimlipa? Kama sisi tulilipa kwa uchungu, kwa nini wengine wapate bure? Mnataka kumdharau kaka yangu?"

Watu walipiga makofi. Kaka akainuka taratibu. Hakuwa na mazoea ya kusema mikutanoni.

"Mudogo wangu anasema muzuri," alianza. "Tulimusomesha aseme muzuri." Watu wakacheka, nami nikacheka. "Lakini kile anasema, haiko yangu. Mbuzi yangu ilienda sababu njia ingine haikukuwa. Sasa njia iko, na yeye anaifunga. Miye nasema soko ilipe. Nyumba ingine isipite kwenye nilipita."

Akakaa. Hawakumpigia makofi. Alikuwa mchuma pareto, mimi nilikuwa mwalimu. Mwami akaamua: ushuru ni wa daraja, na anayetaka kusoma, jamaa yake itafute.

Nilitembea kurudi nyumbani kama mshindi. Leo najua vizuri nilichokuwa nikitetea. Sikumwonea kaka huruma yoyote. Sikuweza kuvumilia kwamba yule kijana aende mahali ambapo mimi sikufika.

Siku chache baadaye nilimkuta kaka kwenye kilima, anawakusanya mbuzi wake kutoka kwa majirani. Nikadhani mahari imetimia.

"Unawapeleka kwa baba mkwe?"

"Napeleka ku soko."

"Kwa nini?"

"Ulisema kila jamaa itafute. Ule mama hana jamaa ingine. Niko jamaa yake."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia mavuno yanakwisha, msichana hatangoja. Akasema, "Najua," akawavuta mbuzi.

Kijana aliondoka. Msichana aliolewa mwezi uliofuata, na kwa kuwa ni mto tu uliotutenga na kwao, kaka alibeba mtungi wa kasiksi kwenye arusi ile kama majirani wengine. Nilimwona akiushusha begani, akaupanga pamoja na mingine, akaomba maji ya kunywa.

Daraja lilijengwa, sikatai, na magari ya maharage yalipita. Yule kijana alipata bourse yake mwaka wa pili, akasoma mpaka mwisho, akabaki huko. Watu waliniambia: mwalimu, uliona mbali. Niliyapeleka maneno hayo kwa kaka, nikitaka sijui nini, labda akubali kwamba alikosea.

"Alisoma?" akauliza.

"Alisoma."

"Basi."

Hakuanza mara ya tatu. Magoti yalikuwa yamechoka, na mabinti wa rika lake walikuwa na watoto wakubwa. Mimi nilioa. Mahari niliilipa kwa mshahara wa ualimu, na mke wangu ndiye aliyempikia kaka, jioni baada ya jioni, mpaka alipokufa. Alikula peke yake upande wa pili wa ua, akirudisha sahani ikiwa imeoshwa.