Bati Lililovuja Kiangazi

Ulikuwa mwaka 2020. Aa, hapana. Mzee Kipriani hujikosoa mwenyewe kila akifika hapo: ulikuwa 2021, maana wakimbizi wa kambi ya Mtendeli walikuwa wakihamishiwa ile ya Nduta, na yeye alikaa kando ya barabara pale Kibondo akiyatazama malori yao kabla ya kushika njia ya Kasulu kwa dada yake Epifania.

Kipriani hajawahi kuwa na nyumba. Mara yuko Kitahana anasaidia kuvuna maharage, mara yuko Kibondo kwa binamu. Lakini kitanda chake mwenyewe, na blanketi lake juu, kiko mahali pamoja tu: chumba cha nyuma kwa Epifania, katika nyumba kuukuu ya matofali ya kuchoma aliyoijenga marehemu shemeji yake. Basi alipofika na kumkuta mpwa wake Leonidasi juu ya paa na kopo la lami, alitua mzigo wake kabla hata ya kufika mlangoni.

"Shikamoo mjomba! Nyumba imechoka hii. Nimeziba matundu yote ya misumari na bado inavuja. Nikishauza mahindi naibomoa."

"Marahaba. Inavuja nini, mwanangu, na mvua hatujaiona tangu Mei?"

"Muulize Nadine."

Nadine, mke wa Leonidasi, alikuwa mzazi, mtoto hajatimiza hata mwezi. Alimwonyesha mzee kitanda kilicholowa.

"Kila asubuhi matone yanamdondokea usoni, mjomba. Ameanza kukohoa. Jumapili nakwenda naye kwetu Kibondo. Nyumba mpya ikisimama, tutarudi."

Epifania alisikia, akainamia mafiga kuchochea moto. Mjukuu wake wa kwanza huyo.

Kesho yake, baridi ya Julai ikiwa bado kali, Epifania aliingia bafuni kumkanda mkwewe kama desturi, na sufuria kubwa ya maji yaliyochemshwa na majani ya mkaratusi.

"Mama, unaninyonyoa kama kuku!"

"Kuku angekuwa ameshanyamaza."

Kipriani alikuwa chumba cha pili amempakata mtoto. Bafu lilikuwa humo humo ndani, na ukuta wa kati haukufika juu, kama nyumba nyingi za zamani zisizo na dari. Akauona mvuke unapanda, unavuka ukuta, unagota kwenye bati la baridi. Punde tone likamwangukia mkononi. Akalinusa. Akalinusa tena.

"Leonidasi! Njoo hapa na lami yako! Tangu lini mvua ikanukia mkaratusi?"

Leonidasi alinusa mkono wa mjomba wake, akatazama bati, akaanza kucheka peke yake. Nadine alipotoka waliingia bafuni. Chini kidogo ya paa kulikuwa na matundu ya hewa aliyoyaacha marehemu, yote yamesokomezwa matambara, mengine meusi kwa ukungu, moja la kitenge kile kile alichojifunga Epifania kiunoni.

"Msizibue!" Epifania akaruka. "Mzazi akiingiwa na upepo ataugua mgongo mpaka uzeeni!"

"Dada, hakuna anayetaka upepo umpige. Akiwa anakandwa, ziba. Akishatoka, zibua, mvuke utafute njia yake. La sivyo mvuke huo utalala juu ya mjukuu wako."

Epifania akachomoa mwenyewe lile tambara lake la kitenge.

Leonidasi alichonga vifuniko vya mbao vyenye kamba ya kuvutia, akaupandisha ukuta wa kati kwa mbao na turubai hadi kwenye bati. Kila baada ya kukanda, vifuniko vilivutwa, dirisha la bafu likafunguliwa, na Epifania mwenyewe akapangusa kuta kwa tambara. Asubuhi ya kwanza matone yalidondoka bafuni tu. Godoro likaanikwa likakauka, kikohozi kikapungua hadi kikaisha. Jumapili ilipofika Nadine alikwenda kanisani, akarudi, akavua viatu, akaomba ugali. Epifania akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Basi sibomoi," Leonidasi akasema mezani. "Lami iliyobaki nitapaka mlango wa choo."

Kipriani alihisi mabega yake yanashuka, kama aliyetua mzigo wa kuni. Alikula akashiba, akamsifu mpwa wake, akambeba mtoto. Ila kuna jambo aliwauliza pale pale, mtoto akiwa bado mikononi:

"Hivi mngeibomoa, kitanda changu mngekiweka wapi?"