Fundi wa Wodi ya Wanawake

Katika wodi ya wanawake, ninapofanya usafi, kuna muuguzi mwanamume tunayemwita Fundi. Kabla ya kusomea uuguzi alikuwa akitengeneza pikipiki. Mwanzoni wenzake walimwita tu palipokuwa na mgonjwa mzito.

"Fundi, njoo na jeki yako!"

Alicheka, akainua. Lakini akishainua hakuondoka; alibaki akatandika shuka, akauliza maumivu yako wapi. Taratibu akajifunza kupunguza sauti, na kupasha mikono joto kabla ya kumgusa mtu.

Kisha akaletwa bibi mwenye kidonda kibaya mguuni. Daktari alisema kisipooshwa kila siku, mguu utakatwa. Asubuhi iliyofuata Fundi ndiye aliyekuwa zamu.

"Karibu, daktari," bibi akasema, akaanza kufunua mguu.

"Mimi si daktari, bibi. Ni muuguzi."

Mguu ukarudi chini ya shuka. "Muuguzi mwanamume? Kwani wanawake wamekwisha? Nenda zako, mjukuu wangu. Sishikwi."

Nilikuwa napiga deki karibu. Nikamnong'oneza Fundi, "Si ungenyamaza tu? Alishakubali."

"Na kesho akiniona nimebeba beseni la haja? Atasema daktari gani huyu?"

Hakumbembeleza bibi. Alikwenda kitanda cha pili, kwa mama aliyeungua mkono. Bandeji ilikuwa imegandana na ngozi. Akailowanisha kwa maji ya chumvi, akasubiri, akailowanisha tena.

"Ukiumia niambie, nasimama."

Mama yule akaanza kumsema wifi yake. Bandeji ikatoka yote, wifi bado hajamalizika kusemwa.

Bibi alikuwa amegeuza shingo anatazama. Akakohoa.

"Sista!"

Wodi nzima ikageuka. Hapakuwa na sista mle ndani.

"Abee, bibi!" Fundi akaitika, kwa adabu zote za msichana aliyelelewa vizuri.

Kicheko kikapasuka. Mmoja aliyeshonwa tumbo alishika mshono wake akilia, "Mtaniua nyie!" Bibi naye alicheka mpaka machozi, kisha akafunua mguu mwenyewe, akausogeza ukingoni mwa kitanda.

"Njoo. Jana waling'oa bandeji kama wanachuna mbuzi."

Tangu siku hiyo akawa hataki kuoshwa na mwingine. Mguu haukukatwa. Aliondoka nao akichechemea, akigombana na binti yake aliyetaka kumshika mkono.