Siku Tisini za Ng'ombe wa Mweiga

Watu watatu, miji mitatu, mtihani mmoja, na kosa lilelile neno kwa neno.

Hivyo ndivyo nilivyoitwa mwizi nikiwa nimekaa jikoni kwangu Mweiga, gambuti miguuni bado zina matope ya shamba.

Naitwa Kabura. Nina miaka arobaini na mmoja na nasomea digrii ya kilimo mtandaoni. Nilikuwa nimebakisha muhula mmoja tu nivae joho.

Kwenye hilo darasa tulishikana watatu: mimi, Gicheru wa Chaka na Nthiga wa Kianyaga. Tulisoma kwa ngwatio, vile wazee wetu walivyolima: leo wote tuko shamba la huyu, kesho la yule. Kila Jumamosi mmoja anafundisha, wengine wanamchokonoa maswali. Na kila kipindi tunarekodi, maana mvua ikinyesha Kianyaga, Nthiga anapotea hewani.

Basi siku hiyo mwalimu wetu, Daktari Waweru, akatuita kwa video.

"Swali la nne," akasema. "Ng'ombe mwenye mimba aachwe kukamuliwa siku ngapi kabla ya kuzaa? Jibu ni sitini. Nyinyi wote mmeandika tisini. Tena mkaongeza, 'ili ndama asizaliwe na kiu.' Hiyo iko kitabu gani?"



"Nimewatumia fomu," akaendelea. "Mkikiri mlinakiliana, mtarudia mwaka. Mkikataa, kesi inaenda mbele, na huko watu wanafukuzwa."

Ujumbe wa Gicheru ukaingia kwa simu: "Kabura, tusign tu. Niko na watoto."

Nilikasirika hadi masikio yakawa moto.

"Daktari, mimi sisign."

"Madam, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na wewe unaongea na mtu huamka saa kumi kukamua ndio awahi class yako. Kama ni kufeli, nifelishe. Lakini mwizi hutaniita. Kamera zilikuwa on saa zote za mtihani, kila mtu kwake. Hiyo kitu tulifunzana, na rekodi tuko nayo."

Daktari akacheka kidogo. "Mlishaniambia topic za mifugo huwa za Gicheru, si ndio? Kwa hivyo yeye ndiye aliwapotosha?"

Gicheru akainamisha kichwa. Wiki ya mada hiyo Chaka haikuwa na stima, hata hakuwepo.

"Nthiga," nikasema, "weka ile ya ng'ombe."

"Kabura, uko sure?"

"Weka."

Ikaanza kucheza. Tarehe ilikuwa wiki tatu kabla ya mtihani. Sauti ya Nthiga ikauliza kwa upole, "Kwani si ni siku sitini?"

Halafu ikaja sauti nyingine, kali, ya mtu asiyetaka kusikia lolote.

"Nthiga, wewe umewahi kuwa na ng'ombe? Mama yangu amefuga miaka thelathini! Ni tisini, ili ndama asizaliwe na kiu. Andika!"

Ilikuwa yangu.

Nilijua tangu Daktari aliposoma maneno ya kiu. Ni ya mama yangu. Gicheru aliyasikia baadaye kwenye rekodi, akayaandika pia.

Niliona aibu, lakini kamera sikuizima.

"Daktari, kosa ni langu. Nilimfokea mtu aliyekuwa na jibu sahihi. Lakini hapo umesikia wizi?"

Akasema, "Hapana. Sijasikia wizi." Fomu akaiondoa hapohapo. Swali la nne tulipata sufuri wote watatu, na joho tulivaa wote watatu.

Nthiga nilimwomba msamaha. Siku hizi akiuliza swali, namwacha amalize.

Wewe unayesoma hapa, kosea kwa sauti yako mwenyewe, watu wakusikie na wakurekebishe. Lakini ukiletewa jina la mwizi ili ulikubali tu yaishe, usisaini.