Kwenda Urambo Kumsimamia Baba Mkubwa

Sikutoka Dodoma kwenda kutembea. Niliitwa. Mama mkubwa Tereza alinipigia simu, furaha imemjaa hata akasahau kunijulia hali, akasema mume wake amekubali kubatizwa na hataki msimamizi mwingine ila mimi. Mume wake ni Mzee Maganga, kaka wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Miaka yote ya ndoa yao mama mkubwa alikwenda kanisani peke yake. Hofu yake ilikuwa moja, wala hakuificha: kwamba wakifa hawataonana tena, yeye atakwenda upande huu na mzee upande ule. Sasa mzee alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, na padri alikuwa amempa katekista ruhusa ya kumbatiza nyumbani.

Nilipanda treni, maana mgongo wangu na basi la masafa marefu havipatani. Njia nzima nilikuwa nikijipanga. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo mtaani kwetu, na watu husema nikianza kusali ugali hupoa. Nilitunga maneno mazuri ya kumwambia mzee atakapoinuka na maji kichwani. Nilijiona mtu wa maana sana, sisemi uongo.

Igalula tulifika jua limeshapanda. Akina mama walikuwa wamepanga karanga, kuku wa kuchemsha na asali kwenye chupa za soda. Mmoja alinidondoshea asali kidoleni. "Onja kwanza, baba, usije ukanisema vibaya huko mbele." Nikaionja, nikanunua. Tukapita Kigwa polepole, misitu ya miombo huku na huku, na mchana tukaingia Tabora. Sokoni nilitafuta shati jeupe la mikono mirefu na mshumaa mkubwa, kisha nikalala kwa shemeji yangu, mtaa wa Ipuli.

Asubuhi nilishika njia ya Urambo. Siku hizi ni lami, lakini ni upande ule ule waliopita wapagazi wakielekea Ujiji. Wazee wa ukoo wetu walikuwa miongoni mwao, mabega yao yamebeba pembe na vitambaa vya watu wengine. Mzee Maganga alizipenda sana habari hizo. Tulipokuwa wadogo alitusimulia hadi tukasinzia.

Nilimkuta amekaa juani mbele ya bani, lile banda lake la kukaushia tumbaku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Fransisi. Mbona umekonda? Hao watani zetu Wagogo hawakulishi?"

Mama mkubwa alicheka jikoni. Alitupikia ugali na mlenda wa karanga, na kila alipopita aliligusa lile shati jeupe nililolitundika ukutani.

Kesho yake wanajumuiya walijaa uani. Beseni la maji likawekwa juu ya kigoda, mshumaa ukawashwa, mzee akavikwa shati. Katekista, mtu mwema ambaye amezika na kufariji nusu ya kijiji kile, alifungua kitabu. Mzee akainua mkono.

"Kabla ya maji nina swali. Mayu wangu, mama aliyenizaa, alikufa dini haijafika kwetu. Hakuikataa, hakuisikia. Huko mnakonipeleka, nitamkuta?"

Katekista alikohoa. "Mzee, mlango ni ubatizo. Asiyepita mlangoni, sisi hatuwezi kusema yumo ndani."

Mzee akanigeukia. "Msimamizi wangu anasemaje?"

Nilijua la kusema. Padri wetu ametufundisha mara nyingi kwamba aliyekufa bila kusikia Habari Njema hakutupwa. Mungu ana njia zake za kumfikia, na huruma yake haikuanza siku wamisionari walipofika. Ningeweza kuyasema hayo kwa pumzi moja. Lakini kwetu mgeni hamsahihishi mwalimu mbele ya watu wake. Nikaona aibu kwa niaba ya katekista, nikasema, "Baba, katekista ndiye mwalimu hapa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Babu zangu walibeba mizigo hadi pwani. Mpagazi akirudi bila mwenzake, mama wa yule mwenzake alimfuata kumuuliza: umemwacha wapi? Na mimi nitaulizwa. Subirini kwanza." Akafungua vifungo vya shati, akalivua, akamrudishia mkewe.

Mama mkubwa alilibeba beseni akaenda kumwaga maji kwenye mpapai.

Siku mbili nilizobaki nilikaa na mzee bila kuligusa jambo lile. Tuliongea tumbaku, tukaongea mvua. Nilijiambia nitamwendea vizuri Pasaka, tukiwa wawili tu. Ee, mtu hujidanganya. Aliponiaga alinishika mkono muda mrefu, nikadhani ni uzee.

Kurudi, treni ilikuwa imesimama Itigi simu ilipoita. Wasomaji wa safari hupenda kujua msafiri amejifunza nini. Mimi niliyojifunza nilijifunzia pale, begi mkononi, nikishuka ili nigeuze kwenda kuzika.

"Baba yako amekwenda," alisema mama mkubwa. "Nilimuuliza tena asubuhi, maji ninayo kwenye kikombe. Akasema, mwambieni Fransisi sikumkataa Mungu, nimekataa kumwacha mayu. Akanywa yale maji, akalala." Alivuta pumzi. "Sasa mimi nimwombe nini Mungu? Niende wapi ambako yeye yupo?"

Safari hii sikumtafuta mwalimu. Nilimwambia yote, nimesimama katikati ya watu na mizigo yao: kwamba Mungu anaujua moyo wa mtu aliyekataa raha ya peke yake kwa ajili ya mama yake; kwamba mama yule naye hakutupwa, kwa kuwa hakuitwa akakataa; kwamba Kanisa lenyewe linatufundisha tuwaombee na tuwatumaini; kwamba aombe wakutane wote watatu, wala asiogope kuomba hivyo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilisikia waombolezaji nyuma yake, na mtu akiuliza jembe liko wapi.

"Kumbe ulikuwa unayajua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukumwambia mwenyewe?"