Ndege Aliyesafishwa

Juzi nilikuwa studio moja hapa Eldoret nikingoja picha zangu za pasipoti. Mama mmoja wa mtaa wa West Indies alikuja kuchukua picha ya ndege aliyoipiga kwa simu, nyuma ya nyumba yake, ili aulize watu jina la huyo ndege.

Jamaa wa kompyuta alimpa akitabasamu. "Nimekusafishia, Mama. Kulikuwa na kitu cheusi hapo kwa mti."

"Hicho ndicho ndege."

"Woi, pole. Nimrudishe?"

Mama alipitisha kidole polepole juu ya tawi tupu.

"Wacha tu. Huo mti mwenye ploti aliukata jana. Hata kwetu kumesafishwa."

Nikamwambia jamaa mimi asinisafishe. Alikuwa ameshamaliza.